Miadi moja, kalenda nne: nawezaje kumwekea mgonjwa vyote kwa pamoja bila kimoja kuponyoka?

Sista_Miadi aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome kwa uvumilivu, maana jambo hili limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Mimi ni muuguzi, lakini huu ni mwaka wa tatu kazi yangu ni kupanga miadi ya kitengo cha mchana cha matibabu ya saratani. Wagonjwa wetu hawalazwi. Wanakuja asubuhi, wanapata dawa kwa dripu, wanarudi kwao. Mimi na kijana mmoja wa idara ya kompyuta ndio tunaoitunza programu ya miadi, yeye kwenye msimbo, mimi kwenye kumweleza kazi inavyokwenda, na siku hizi hata msimbo nausoma.

Siku ya mgonjwa mmoja iko hivi. Anatolewa damu, na maabara wanahesabu chembe, kwa sababu chembe nyeupe zikiwa zimeshuka mno dawa haitolewi siku hiyo. Majibu yakitoka anaonana na daktari. Daktari akishasaini ndipo famasia wanaanza kuchanganya dawa, si kabla. Dawa ikiwa tayari anahitaji kiti, na muuguzi wa kuianzisha. Maabara, daktari, famasia, viti: kila kimoja na kalenda yake, na kila kalenda na mwenyewe.

Karani anafungua kalenda ya kwanza, anachagua nafasi, anahifadhi. Anakwenda ya pili, anahifadhi. Mpaka afike ya nne zimepita dakika mbili tatu, simu imelia, mtu ameuliza choo kiko wapi. Na dirisha la pili kuna karani mwingine anafanya vilevile kwa mgonjwa wake.

Jumanne alikuja mama mmoja mtu mzima. Damu ilitoka saa mbili asubuhi, na muuguzi wa asubuhi alimwachia kanula, ule mrija mwembamba unaobaki kwenye mshipa, palepale ili asichomwe mara mbili. Majibu mazuri. Daktari alimwona saa nne, akasaini, famasia wakachanganya. Nilipokwenda kumchukua nimpeleke ndani, hakuwa na kiti. Kwenye kadi yake kiti kilikuwepo, namba 7, saa sita, mwandiko wa karani wetu ninaoujua vizuri. Kwenye kalenda, kiti namba 7 saa sita kilikuwa cha mtu mwingine, naye alikuwa ameshakaa na dripu inatiririka. Karani alikiona kiko wazi, akaandika kadi, akabonyeza kuhifadhi, na programu ikakataa kwa maandishi madogo mekundu chini ya skrini ambayo hakuyaona. Zile nafasi tatu za mwanzo zilibaki zimehifadhiwa kana kwamba mambo yote ni sawa.

Mama alikaa kwenye benchi, kanula imebandikwa plasta mkono wa kushoto, kadi ameishika kwa mkono wa kulia, mistari minne ya kalamu tofauti. Dawa yake ni ya zile ambazo zikishachanganywa hudumu saa chache tu. Kiti kilipatikana saa kumi, na kufikia hapo famasia walikuwa wameshaimwaga. Tukamtoa kanula, tukamwandikia Alhamisi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, Alhamisi kiti kitakuwepo?" Sikuwa na jibu la kweli la kumpa.

Tumejaribu kufunga kalenda zote nne kabla ya kuandika. Ikawa mbaya zaidi: makarani wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, skrini zote mbili zinaganda. Na huku juu wanataka viti visikae wazi hata dakika moja.

Ninachouliza ni hiki: inawezekana programu ikamwekea mgonjwa vyote vinne kwa mkupuo mmoja, au imwambie karani waziwazi kwamba haiwezekani, kabla kadi haijaandikwa?

---

Fundi_Hifadhidata alijibu:

Pole sana sista. Inawezekana, na pa kuanzia ni hapa: mgonjwa wako hana miadi minne. Ana miadi moja yenye mistari minne, na mistari hiyo iandikwe kwenye muamala mmoja wa hifadhidata. Wa nne ukikataliwa, ile mitatu inafutika yenyewe, wala haihitaji mtu akumbuke kuifuta.

Pili, skrini isiwe ndiyo mlinzi. Programu yenu inauliza "kiko wazi?" halafu inaandika, na katikati ya kuuliza na kuandika mwingine anapita. Mlinzi awe hifadhidata yenyewe. Kama mnatumia programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, kuna sharti linaitwa EXCLUDE, lipo tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, na aina za data za vipindi vya muda zilikuja na toleo la 9.2 mwaka 2012. Unaiambia hivi: katika jedwali hili, safu (yaani mistari) mbili za rasilimali ileile, iwe daktari, kiti au mashine, zisiwe na vipindi vinavyoingiliana. Utahitaji kiendelezi cha btree_gist ili namba ya rasilimali na kipindi vikae kwenye faharasa moja, yaani orodha ambayo hifadhidata hutafutia. Atakayejaribu kukalia kipindi cha mwenzake anapata kosa namba 23P01, na hilo mlionyeshe katikati ya skrini kwa maneno ya kawaida: "Kiti hakipo saa hiyo, hakuna kilichohifadhiwa." Kipindi kihesabu mwanzo wake, kisihesabu mwisho wake, ili anayemaliza saa sita asigongane na anayeanza saa sita.

Kuganda kwa skrini kunatokana na mkwamo. Karani wa kwanza ameshika daktari anasubiri kiti, wa pili ameshika kiti anasubiri daktari. Kila muamala ushike vitu kwa mpangilio mmoja: panga rasilimali kwa namba zake, ndogo kwanza, ndipo uandike. Mkwamo ukitokea hata hivyo, PostgreSQL huua muamala mmoja kwa kosa 40P01, na programu iurudie yenyewe bila kumsumbua karani.

Halafu kuna muda ambao karani anaongea na mgonjwa kuhusu siku. Hapo mistari yote iandikwe kwa hali ya "imeshikiliwa" pamoja na saa ya kuisha, tuseme dakika 10. Usijaribu kuingiza saa ya sasa ndani ya sharti lenyewe, litakataa, kwa kuwa faharasa haiwezi kutegemea kitu kinachobadilika kila sekunde. Muamala unaokuja ufute kwanza zilizopitwa na wakati kwa rasilimali unazozitaka, kisha uandike za kwake.

Kiwango cha FHIR, kinachotumika kubadilishana taarifa za afya baina ya mifumo, kimepanga hivyohivyo: miadi ni kitu kimoja, chini yake kuna washiriki, na kila mshiriki ana hali yake ya kukubali au kukataa. Kama siku moja mtataka kuongea na mfumo wa maabara, mkifuata umbo hilo mtapunguza kazi.

---

Muuguzi_Mkongwe alijibu:

Mwenzangu, nimekusoma nikamwona yule mama kabisa. Nimekaa chumba cha dripu miaka 14.

Fundi amesema vizuri, ila msiandike chochote kabla hamjasimama pale kwenye viti na saa mkononi. Kiti na muuguzi havishikwi kwa muda unaolingana. Dripu inayochukua muda wa saa nne inakishika kiti saa zote nne, pamoja na dakika za kukisafisha. Muuguzi inamshika mwanzoni: kuthibitisha jina, dawa na kipimo akiwa na mwenzake, kuangalia kama kanula bado inapitisha, kuanzisha, kisha kukaa karibu dakika za mwanzo amwangalie usoni, kama ngozi inabadilika au pumzi inabana. Kwetu huwa kama dakika 20. Baada ya hapo anapita kukagua, na mwishoni anarudi kutoa. Mkimwandika muuguzi kwa saa zote nne, mtaambiwa wauguzi hawatoshi ilhali wamesimama. Msipomwandika kabisa, mtaanzisha wagonjwa sita saa tatu kamili na muuguzi mmoja, na hilo ni hatari, si usumbufu tu.

Kwa hiyo kila mstari wa miadi uwe na mwanzo wake na mwisho wake. Kila aina ya dawa iwe na kiolezo chake: dakika sifuri hadi 20 muuguzi, dakika sifuri hadi 255 kiti, dakika 230 hadi 240 muuguzi tena. Karani achague kiolezo, asihesabu mwenyewe.

Na la mwisho, lililoniuma nilipokusoma. Kwa nini kadi iliandikwa namba 7? Yule mama hakuhitaji kiti namba 7. Alihitaji kiti. Namba mtamgawia asubuhi akishafika.

---

Fundi_Hifadhidata alijibu:

Nakubaliana na Muuguzi, na inabidi nirekebishe jibu langu. EXCLUDE inafaa kwa vitu ambavyo ni kimoja kimoja, kama daktari fulani au mashine fulani. Kwa viti vinavyofanana ni bora kuhesabu.

Chukueni viti viwili. Mgonjwa wa kwanza ameandikwa kiti 1, saa tatu hadi saa tano. Wa pili ameandikwa kiti 2, saa saba hadi saa tisa. Anakuja wa tatu anataka saa tatu hadi saa tisa. Hakuna kiti kilicho wazi muda wote huo, mfumo unamkatalia. Lakini hesabuni: hakuna dakika hata moja ambayo watu wangezidi wawili. Kama wale wa mwanzo wangekuwa hawajapewa namba, wote wawili wangekaa kiti 1 kwa kupokezana, na kiti 2 kingekuwa cha wa tatu. Hilo si bahati ya mfano huu tu. Viti vikiwa vinafanana, na kama hakuna wakati wowote ambapo watu wanazidi idadi ya viti, mgawo usiomhamisha mtu upo daima: wapange kwa saa ya kuanza, kila mmoja mpe kiti chochote kilicho wazi.

Utekelezaji: wekeni safu moja kwa kila siku ya kundi la viti. Muamala uifunge safu hiyo, uhesabu wengi zaidi wanaokutana kwa wakati mmoja, ukiona nafasi uandike, uachie. Kundi la wauguzi liwe vivyo hivyo. Safu hizo nazo ziingie kwenye mpangilio wa namba niliosema juu, la sivyo mkwamo utarudi.

---

Picha_na_Mionzi alijibu:

Naongeza kitu kimoja kutoka upande wangu, napanga wagonjwa wa PET, picha zinazopigwa kwa dawa yenye mionzi. Kwetu sisi saa iko ndani ya sindano. FDG, dawa hiyo tunayowachoma, ina florini-18, chembe yenye mionzi inayopungua nusu kila dakika 110 hivi. Ukichelewa saa moja imebaki kama asilimia 68. Na ukishamchoma, mgonjwa atulie kama saa moja ndipo apigwe picha, mapema mno dawa haijafika kwenye seli, akicheleweshwa sana inazidi kufifia na mwenye zamu inayofuata anasubiri mlangoni.

Kutokana na hilo, kuandika tu kwamba "hatua ya pili ije baada ya ya kwanza" hakutoshi. Kati ya kila hatua mbili wekeni namba mbili: isipungue muda gani, na isizidi muda gani. Kwa sista, damu hadi daktari isipungue muda wa maabara kutoa majibu. Famasia hadi kiti isizidi muda ambao dawa hiyo inadumu ikishachanganywa. Hiyo ya pili ndiyo iliyomrudisha mama nyumbani. Sisi tunaanza kupanga kutoka kitu kilicho adimu zaidi, kwetu mashine, kisha tunarudi nyuma kuhesabu saa ya sindano, saa ya kufika, saa ya kuacha kula. Nadhani kwenu ni kiti.

Na mgonjwa mwenyewe muandikeni kama rasilimali. Ni mmoja, hawezi kuwa sehemu mbili. Kuna mtu wetu alipangiwa picha na kliniki ya moyo saa ileile, majengo mawili tofauti, na kila kalenda kwa upande wake ilikuwa sahihi.

---

Mhesabu_Foleni alijibu:

Kuhusu hao wa juu wanaotaka viti visikae wazi hata dakika moja, sista wapelekee hesabu hii. Kwenye foleni ya mhudumu mmoja, watu wakija bila mpangilio na muda wa huduma ukiwa hautabiriki, wastani wa walio ndani ni shughuli ukiigawa kwa nafasi iliyobaki. Mhudumu akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda, iliyobaki ni 20, na 80 kwa 20 ni watu 4. Asilimia 90, ni 9. Asilimia 95, ni 19. Wagonjwa wa miadi hawaji ovyo kiasi hicho, kwa hiyo namba zenu zitakuwa ndogo, lakini mstari unapanda kwa namna hiyohiyo: kipande cha mwisho cha kujaza ndicho kinachozaa benchi refu.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1952 Norman Bailey alichapisha utafiti wa foleni za kliniki za wagonjwa wa nje Uingereza, na mwaka huohuo akiwa na mwenzake Welch wakaandika katika jarida la Lancet. Pendekezo lao lilikuwa jepesi: wagonjwa wawili wafike mlango unapofunguliwa, wengine waje mmoja mmoja kwa nafasi inayolingana na wastani wa muda wa kumwona mgonjwa. Daktari hakai bure akichelewa mmoja, na foleni haikui kupita kiasi. Lakini hilo ni la kliniki yenye daktari mmoja. Kwenye mnyororo kama wenu, kuchelewa kwa maabara kunasukuma watu watatu wa mbele, basi acheni nafasi kadhaa zisizo na jina katikati ya siku. Zitakapobaki wazi saa nane mchana mtakuwa na sehemu ya kumweka mtu ambaye majibu yake yamechelewa.

---

Sista_Miadi alijibu:

Wakuu, nimechelewa kurudi, zimepita wiki tano. Asanteni kwa moyo wote. Nawaeleza tulipofika.

Tulianza na alichosema Muuguzi. Nilisimama kwenye viti siku nne na saa na daftari. Kumbe kazi ya mwanzo ya muuguzi kwetu ni dakika 25, si 15 kama tulivyokuwa tukiamini, na dakika 6 katika hizo ni kumtafuta mwenzake wa kusoma naye jina na kipimo. Tumeweka violezo kwa dawa zetu zote, na programu haikubali kuanzisha zaidi ya wagonjwa wawili ndani ya nusu saa kwa kila jozi ya wauguzi. Hilo peke yake limetuliza asubuhi kuliko chochote.

Muamala mmoja umekwisha na unafanya kazi. Viti havina namba tena kwenye kadi. Kijana wetu alipanga rasilimali kwa namba zake kama Fundi alivyoelekeza, na tangu siku hiyo sijaona skrini ikiganda. Muda wa kudumu kwa dawa tumeuingiza, na famasia waliusahihisha wenyewe dawa kwa dawa, wakafurahi kuulizwa. Sasa famasia wanaona kwenye skrini yao kama mgonjwa ameshaingia ndani, na zile zinazoharibika upesi hawazigusi hadi hapo.

Kosa moja nililolikuta mwenyewe, naliandika kwa ajili ya atakayefuata. Programu ilikuwa inachapa 08:00 kwenye kadi na kwenye ujumbe wa simu. Mzee mmoja alifika saa nane mchana, kadi mkononi, amevaa vizuri, kwa sababu kadi imeandika nane. Tumebadilisha, sasa inaandika kwa maneno: "saa mbili asubuhi". Ndani ya hifadhidata saa zinabaki zilivyo, kinachobadilika ni kile anachosoma mgonjwa.

Hesabu ya foleni niliipeleka juu nikiwa na daftari langu. Wamekubali nafasi mbili zisizo na jina kila siku, kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilitaka tatu.

Bado nina tatizo moja. Daktari akiumwa ghafla asubuhi, programu inanipa orodha ya walioathirika, lakini inawafuta wote kwa pamoja, hata wale ambao daktari mwingine angeweza kuwasaini. Fundi, nadhani hapo mstari wa daktari peke yake ndio ungefunguliwa na mingine ibaki imeshikiliwa kwa muda, ila sijui niipe muda gani kabla ya kumpigia mgonjwa kwamba asitoke nyumbani. Wa kwanza wanaondoka kwao mapema sana.

Yule mama alikuja tena Jumatatu hii. Kadi yake sasa ina mstari mmoja, siku na saa ya kufika. Aliigeuza nyuma akitafuta ile mingine. Nikamwambia mingine iko kwetu, na kiti chake kipo. Saa sita kasoro dakika kumi alikuwa ameshakaa.